Kalsiamu haipandi na maji yanageuka meupe: tangi la matumbawe, Kiamunyi, Nakuru

MamaTumbawe (Nakuru)

Hamjambo nyote. Naishi Kiamunyi, na huu ni mwezi wa 11 tangu nianze kutunza tangi la matumbawe sebuleni. Lina lita 200 za maji ukiondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe. Ndani yake mna samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, matumbawe laini kadhaa, na vipande vitatu vya tumbawe gumu la jamii ya Montipora ambavyo ndivyo vinavyoninyima usingizi. Miezi ya kwanza vilikua vizuri, kila kimoja kikiwa na ule mstari mwembamba mweupe wa ukuaji ukingoni, lakini tangu mwezi uliopita ncha zimeanza kuungua na nyama inabanduka polepole kutoka kwenye mfupa.

Nilipopima niliona kalsiamu ni miligramu 330 kwa lita, na kwa kuwa maji ya bahari huwa na karibu 415, nikaamini kwamba matumbawe yamekosa cha kujengea. Nikanunua kloridi ya kalsiamu na kuitia kila jioni kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Wiki mbili zimepita na kalsiamu ni ileile 330. Kila ninapoitia, maji hugeuka meupe kama maji yaliyooshewa mchele, hukaa hivyo kwa muda wa saa nzima, kisha hutakata, na asubuhi nakuta ungaunga umetanda juu ya mchanga. Hita imevaa gamba ambalo halitoki hata nikilikwaruza kwa kucha. Juzi pampu ya mzunguko ilikwama, na nilipoifungua nilikuta sumaku yake imeshikwa na chokaa.

Vipimo vingine ni hivi: alkali (yaani kabonati na baikaboneti zilizomo majini) 13.5 kwa kizio cha dKH, magnesiamu 1,080, pH 8.0 asubuhi, joto nyuzi 25, na chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu) kwa kile kipimo cha plastiki chenye mshale. Maji ya kuchanganyia chumvi, pamoja na lita 3 ninazojazia kila siku badala ya yale yanayokuwa mvuke, ni ya kisima kirefu cha mtaa wetu. Sikuyashuku kwa sababu ni maji laini. Sabuni hutoa povu upesi na birika halishiki ukoko. Je, niongeze kipimo cha kalsiamu, au kuna jambo ambalo sijaliona?

MwalimuWaKemia (Kisumu)

Mama Tumbawe, pole kwa usumbufu huo. Tafadhali usitie tena hata chembe moja ya kalsiamu kwa sasa. Ile unayoitia inaingia, ila haikai: inakutana na kabonati iliyozidi ndani ya maji, vinashikana na kuwa kalsiamu kabonati, na hiyo ndiyo weupe ule wa maji ya mchele, ndiyo ungaunga wa asubuhi, na ndiyo gamba la hita. Ni madini yaleyale ambayo tumbawe hujijengea mfupa, na ambayo ndugu zetu wa pwani waliyachoma kwa karne nyingi ili wapate chokaa ya kujengea nyumba za mawe. Kwako yanajijenga mahali pasipotakiwa. Hita hutangulia kuvaa gamba kwa sababu kalsiamu kabonati, tofauti na sukari au chumvi ya mezani, huzidi kukataa kuyeyuka kadiri maji yanavyopata joto.

Maji ya bahari yana alkali ya karibu 7 dKH, na wengi wetu tunaofuga matumbawe magumu huiacha ikae kati ya 7 na 10. Alkali ya 13.5 ni kubwa mno, na naamini ndiyo inayounguza ncha za Montipora yako. Kalsiamu iliyopungua ni matokeo tu ya jambo hilo.

Alkali hiyo imetoka wapi? Nadhani imetoka kisimani. Umesema maji ni laini kwa kuwa sabuni hutoa povu, na hapo ndipo maji ya Bonde la Ufa yanapowahadaa watu. Povu la sabuni linakuarifu kwamba kalsiamu na magnesiamu ni kidogo, lakini halikuambii lolote kuhusu baikaboneti. Maji ya chini ya ardhi ya upande wenu hupita katika miamba ya volkano, na mara nyingi hubeba baikaboneti ya sodiamu kwa wingi, ambayo ni jamii moja na magadi ya Ziwa Nakuru. Basi naomba upime maji ya kisima yenyewe, kabla hujayatia chumvi, kwa vilevile vipimo vya matone unavyotumia kwa tangi.

Lipo jambo la pili ambalo kwangu lina uzito uleule. Kalsiamu yako na magnesiamu yako zimepungua kwa kadiri inayokaribiana: 330 badala ya 415, na 1,080 badala ya karibu 1,290. Vitu viwili vikipungua pamoja namna hiyo, kabla ya kuvitafutia dawa kimoja kimoja, yafaa kuuliza kama chumvi yenyewe imefika kiwango chake. Kipimo chenye mshale hudanganya kwa urahisi, kwa maana viputo vidogo vya hewa huung'ang'ania mshale na kuunyanyua, nao ukasoma juu kuliko hali ilivyo. Azima refraktomita kwa mtu, kile kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, lakini usiirekebishe kwa maji matupu pekee. Pima gramu 3.65 za chumvi ya mezani, uziyeyushe katika gramu 96.35 za maji yaliyochujwa kabisa, na tone la maji hayo linapaswa kusomeka 35 kwa elfu, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo moja ya maji kama ilivyo baharini (chumvi ya mezani hupinda mwanga tofauti kidogo na ya bahari, ndiyo maana tunatia 3.65 na si 3.5). Likisomeka vingine, zungusha skrubu ya refraktomita mpaka lifike hapo, ndipo upime tangi.

Nikiongeza neno juu ya magnesiamu, hiyo ndiyo inayozuia maji ya bahari yasigeuke meupe yenyewe. Hujibandika juu ya punje changa za kalsiamu kabonati na kuzifunga zisiendelee kukua. Ikipungua huku alkali ikiwa juu, hakuna tena wa kuzizuia.

MamaTumbawe (Nakuru)

Asante sana, Mwalimu. Nimefanya vyote viwili leo jioni. Katika maji ya kisima nilihesabu matone, na ni tone la 9 lililogeuza rangi kutoka samawati hadi manjano, maana yake 9 dKH kabla sijatia hata punje ya chumvi. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini. Refraktomita nimeazima kwa mwenzangu wa mjini, nikairekebisha kwa maji ya chumvi uliyoelekeza, na tangi limesoma 31 kwa elfu. Kile kipimo cha mshale, nilipokigongagonga kwa kidole viputo vikatoka, mshale ulishuka mbele ya macho yangu.

Je, nitie chumvi moja kwa moja mpaka ifike 35? Na alkali niipunguze kwa siki, kama nilivyoshauriwa mahali pengine?

MwalimuWaKemia (Kisumu)

Siki uiache jikoni. Asidi huangusha pH kwa ghafla, na samaki na matumbawe hawatakushukuru. Alkali itashuka yenyewe ikikosa wa kuilisha, na anayeilisha sasa tumemjua. Fuata hesabu hii: lita 3 za kujazia zenye 9 dKH, zikigawanywa katika lita 200, huongeza kama 0.135 dKH kila siku, yaani karibu 1 dKH kwa wiki. Maji matupu hugeuka mvuke yakaenda zake, baikaboneti ikabaki. Hiyo ni mbali na kwamba kila unapochanganya maji mapya, chumvi ya dukani huja na alkali yake ya karibu 8, ikakalia juu ya zile 9 za kisima.

Kuhusu 31 kwa elfu, tazama jinsi inavyoeleza nusu ya tatizo. Ukizidisha 330 kwa 35 na kugawanya kwa 31 unapata 373. Ukifanya vivyo hivyo kwa magnesiamu unapata 1,219. Kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu wako ni chumvi kidogo tu, na kalsiamu iliyobaki kupungua ndiyo ile iliyogeuka unga juu ya mchanga.

Usitie chumvi kavu ndani ya tangi. Pata maji safi yasiyo na kitu, kwa njia ambayo wenzetu wa huko watakueleza vizuri kuliko mimi, uyachanganye na chumvi hadi 35. Kisha, kwa siku sita, yale yanayopotea kwa mvuke uyafidie kwa maji haya ya chumvi badala ya maji matamu. Kila lita 3 huleta gramu 105 za chumvi, ambazo katika lita 200 ni ongezeko la karibu nusu kwa elfu kwa siku, mwendo ambao viumbe wanauvumilia. Katika siku hizo badilisha pia lita 20, mara mbili. Utafika karibu kabisa na 35, na alkali itakuwa imeanza kuteremka. Isishuke zaidi ya 1 dKH kwa siku. Baada ya hapo rudi kwenye kujazia kwa maji safi yasiyo na chumvi.

FundiWaMatangi (Nakuru)

Mama, mimi nahudumia matangi ya watu hapa Nakuru, na namuunga mkono Mwalimu. Maji ya visima vya huku yana mambo mengine mawili ambayo kipimo cha alkali hakiwezi kukuonyesha. La kwanza ni floraidi, ile inayowapa watoto wetu meno ya rangi ya kahawia. Maji ya bahari yenyewe huwa na karibu miligramu 1.3 kwa lita, kwa hiyo kidogo si dhambi, lakini visima vingi vya huku huvuka 1.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Na ukijazia kila siku inajilimbikiza kama baikaboneti inavyojilimbikiza. La pili ni silika kutoka kwenye mawe ya volkano. Kama kioo chako hupata vumbi la kahawia siku mbili tu baada ya kukisugua, silika ndiyo inayolisha mwani huo.

Dawa ya yote ni mtambo wa osmosi kinyume, ule wenye utando unaochuja hata chumvi zilizoyeyuka, ukifuatiwa na kichujio cha rezini, yaani punje zinazonasa chumvi chache zilizopenya. Hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua mtambo kisha wakauona haufai kitu. Utando huo unahitaji shinikizo la bar 3 hadi 4. Tangi la maji lililo juu ya paa hutoa bar 0.1 kwa kila mita ya kimo, kwa hiyo likiwa mita 5 juu ya bomba unapata nusu bar tu: maji yatadondoka kwa shida, na yatakayotoka hayatakuwa safi. Nunua na pampu ndogo ya kusukumia. Kwa kila lita moja safi utatoa lita 3 au 4 za taka. Usizimwage, zinafaa kusafishia choo na kudeki. Nunua pia kile kipimo kidogo cha kalamu kinachosoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Maji yakitoka kwenye rezini yasome 0. Yakianza kusoma 2 au 3, rezini imechoka.

Kabla ya kupata mtambo, vipo vile vibanda vya kujazia mitungi ya lita 20 ambavyo vina mitambo hiyohiyo. Nenda na kalamu yako, umwombe mwenye kibanda kwa adabu upime. Wengine huyarudishia maji madini ili yawe na ladha, na hayo hayatufai. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati usiyaguse kwa tangi hili; mabati yamepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono hata ikiwa kidogo sana.

Nakuomba pia usijaribiwe kutumia magadi ya sokoni siku alkali itakapohitaji kupandishwa. Mmoja wa wateja wangu aliwahi kufanya hivyo. Magadi ya mawe si baikaboneti tupu, yana kabonati kali ndani yake na huja na floraidi yake.

MlinziWaMwamba (Kakamega)

Naomba niguse pH tu. Alkali ikiwa 13.5, pH ya asubuhi ingetarajiwa kuwa juu ya 8.0, na zaidi sana huko Nakuru ambako mko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano, pamoja na ile kaboni dioksidi iliyomo ndani yake. Kwa hiyo nashuku hewa ya chumba. Nakuru usiku ni baridi, madirisha hufungwa, watu wanalala, pengine jiko limewashwa jioni. Chota kikombe cha maji ya tangi asubuhi, upime pH, kisha ukipeleke nje na kukipulizia hewa kwa pampu ndogo kwa saa moja, upime tena. Ikipanda sana, huna haja ya kutia kitu chochote. Peleka nje ya dirisha mrija wa hewa wa kichuja-povu, kile kifaa kinachoondoa uchafu majini kwa viputo vya hewa.

Kimo hicho kina athari nyingine ambayo ni muhimu kuliko pH. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yakiwa pwani hushika kama miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Kwenu ni karibu 5.4. Stima ikipotea, muda wenu ni mfupi kuliko wa mtu wa Mombasa. Weka pampu ya hewa ya betri karibu na tangi, si kabatini.

MamaTumbawe (Nakuru)

Narudi baada ya wiki tatu. Mtambo nimeununua pamoja na pampu ya kusukumia, na kalamu inasoma 0. Mrija wa hewa umetoka nje ya dirisha kwa sababu kikombe kilipanda kutoka 8.0 hadi 8.3. Chumvi ni 35. Leo asubuhi alkali ni 9.2, kalsiamu 395 na magnesiamu 1,260, na tangu niache kutia kloridi ya kalsiamu maji hayajageuka meupe hata mara moja. Hita na pampu niliviloweka katika siki, nje ya tangi, na gamba likachemka na kutoka lote. Kipande kimoja cha Montipora nilikipoteza. Viwili vimebaki, na ngozi imeacha kubanduka.

Sasa naona alkali inaendelea kushuka, na naogopa itapita chini. Nitajuaje wakati wa kuanza kutia, na kwa kiasi gani?

MwalimuWaKemia (Kisumu)

Pole kwa kile kimoja, Mama, na hongera kwa viwili. Pima alkali leo, kisha upime tena baada ya siku tatu, saa ileile, bila kubadilisha maji wala kutia kitu katikati. Tofauti utakayopata, ukiigawanya kwa tatu, ndiyo hamu ya matumbawe yako kwa siku. Mimi hapa Kisumu maji yetu ya mfereji hutoka ziwani na yana alkali kidogo sana, hivyo tangu mwanzo nimeishi na tatizo hili la kushuka, na sijaona njia nyingine ya kulijua ila hiyo.

MamaTumbawe (Nakuru)

Imetoka 9.2 hadi 8.6.

MwalimuWaKemia (Kisumu)

Basi ni 0.2 dKH kwa siku. Katika lita 100, gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu hupandisha 1 dKH. Kwa lita zako 200 na kwa 0.2 tu, ni gramu 1.2 kwa siku. Hakikisha kopo limeandikwa baikaboneti ya sodiamu peke yake, kwa sababu unga wa kuumulia keki huchanganywa na asidi na wanga.

Tumbawe likijenga mfupa huchukua alkali na kalsiamu kwa uwiano usiobadilika: kila 2.8 dKH huondoka na miligramu 20 za kalsiamu kwa lita. Kwa 0.2 dKH yako ni miligramu 1.4 kwa lita kila siku, ambazo zahitaji kama gramu 1 ya kloridi ya kalsiamu, ile ya kawaida yenye maji ndani ya fuwele zake. Mizani ya jikoni haiwezi kupima gramu moja kwa uaminifu, kwa hiyo fanya hivi: yeyusha gramu 60 za baikaboneti katika maji safi mpaka iwe lita moja, na katika chupa nyingine gramu 50 za kloridi ya kalsiamu, nayo iwe lita moja. Mililita 20 za kila chupa ndiyo dozi yako ya siku, unazipima kwa bomba la sindano. Ziandike chupa kwa herufi kubwa. Usizitie pamoja wala mahali pamoja. Zikikutana kabla ya kuchanganyika na maji mengi utaiona tena ile rangi ya mchele. Mimina palipo na mkondo wenye nguvu, na kati ya moja na nyingine acha saa kadhaa zipite.

Kalsiamu yako ya 395 usiikimbilie. Ukibadilisha lita 20 kila wiki mbili kwa maji ya chumvi nzuri itapanda yenyewe. Pima alkali mara mbili kwa wiki, kalsiamu mara moja, magnesiamu mara moja kwa mwezi. Matumbawe yakikua hamu yake itaongezeka, nawe utarudia kipimo cha siku tatu.

FundiWaMatangi (Nakuru)

Kuna watakaokushauri ufidie mvuke kwa maji ya chokaa badala ya chupa mbili, na ni njia nzuri inayoleta kalsiamu na alkali pamoja, ila si kwa sasa. Lita 3 za maji ya chokaa iliyokolea zingepandisha tangi lako karibu 1.7 dKH kwa siku, nawe unahitaji 0.2. Pia pH yake ni zaidi ya 12, hivyo lazima yadondoke tone kwa tone. Hiyo tuizungumze matumbawe yakijaa, na itakuwa kwa chokaa safi ya daraja la chakula, kamwe si ya mfuko wa ujenzi.

MamaTumbawe (Nakuru)

Nimeelewa, Fundi. Chupa nimezitengeneza leo. Ya alkali nimeifunga utepe wa bluu, nayo nitaitia saa mbili asubuhi. Ya kalsiamu ina utepe mwekundu, ni ya saa mbili usiku, upande wa pili wa tangi mbele ya pampu. Nitapima tena Jumamosi na kuleta majibu hapahapa.